Nilimwomba Aingie kwa Jina Langu

Kosa ni langu. Nalisema hili mwanzo ili msije mkanionea huruma kabla hamjajua yote. Aliyonitenda shoga yangu, msichana mwenzangu wa tangu utotoni, ni makubwa, lakini aliyemfungulia njia ni mimi.

Hata kuandika naona haya! Mgeni akipiga hodi kwetu, nakimbilia ghorofani. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa kuandika na wa mwisho kwa kusema. Ya moyoni mwangu huyaweka kwenye daftari, na leo nayatoa humo niwape nyinyi nisiowajua, maana ninaowajua siwezi kuwatazama nikayasema.

Kwetu ni mtaa wa Kibokoni. Nilipomaliza sekondari nilitaka jambo moja tu, kusomea unasi, kazi ya kuuguza wagonjwa hospitalini. Ami yangu, nduguye baba aliyetulea tangu baba alipofariki, hakutaka kusikia.

"Msichana wa nyumba hii akaoshe wagonjwa? Barazani watu watasemaje?"

Mamangu alimsihi miezi miwili. Mwisho ami akachoka. "Haya, na aende akahojiwe. Wakimkataa, nisisikie tena habari hii."

Kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa hiyo moja, hakuna nyengine.

Rukia ni jirani yetu, mlango kwa mlango. Tulisoma Kurani chuoni pamoja, tukaanza skuli pamoja, lakini babake alimtoa darasa la nne akae na mamake kushona kofia. Ulimi wake! Rukia akisema, hata wauza samaki wanyamaza.

Mwalimu wangu alinieleza nitakavyohojiwa na metroni, yule memsahibu mkuu wa manasi: maswali mawili matatu kwa Kiingereza, kisha Kiswahili. Nikayaandika majibu kwenye daftari. Kila alasiri Rukia akija na kofia yake mkononi, akikaa kwenye kiti kikubwa cha baba na kujifanya memsahibu.

"Wewe nataka kazi hii kwa nini?" akiuliza, pua juu, na Kiswahili cha kizungu.

Mimi nacheka tu. Majibu nayajua, lakini hayatoki! Rukia hunisomea yeye, mara kumi, mara ishirini, hata Kiingereza cha majibu hayo akakihifadhi kama tulivyohifadhi sura chuoni.

Swali moja ndilo lililonimaliza: "Utamuosha mgonjwa mwanamume usiyemjua?" Nilijifunika uso kwa leso.

"We! Mgonjwa ni mgonjwa," Rukia akasema, sindano haisimami. "Mimi ningemsugua kama nisuguavyo sufuria, na akilalamika namgeuza upande wa pili."

Tulicheka mpaka mama akagonga dari kwa ufagio.

Siku ilipofika, mama aliniruhusu niende na Rukia. Tulivaa mabuibui yetu, cheti changu cha shule nimekishika kifuani. Tulipofika lango la hospitali miguu ikakataa. Wallahi, ikakataa! Niliona wasichana wengine wanaingia, nikajibanza ukutani.

"Twende basi," Rukia akasema. "Waogopa nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Hakuniomba yeye. Nilimwomba mimi.

"Rukia, niingilie wewe. Majibu wayajua yote. Sema jina langu, mpe cheti hiki. Nikishapata, kazi nitafanya mimi."

"Una wazimu? Atakuona uso si huu!"

"Wasichana ni wengi. Atatukumbuka sote? Nakuomba, shoga."

Akachukua cheti, akaingia. Nami nikakaa ng'ambo ya barabara, uso nimefunika, nikiomba dua apite. Ee, niliomba dua kweli kweli!

Alitoka anacheka. "Memsahibu kacheka mpaka kavua miwani! Nimempa lile la sufuria."

"Na cheti changu?"

"Wamekiweka. Barua itakuja."

Kwetu hatuna sanduku la posta, basi kwenye barua ya maombi niliandika sanduku la duka la babake Rukia, pale Ndia Kuu. Kila siku nikimuuliza Rukia, naye akinijibu, "Bado." Akinitazama machoni na kusema bado!

Baada ya wiki tatu Rukia akaniaga. Anakwenda Lamu, mamake mdogo karibu kujifungua. Nilimpa leso yangu mpya achukue. Kila nikipita mlangoni kwao, Bi Zuhura mamake ananiita, "Karibu mwanangu, Rukia akusalimu sana." Na mimi naitikia, mjinga mie.

Barua haikuja. Ami akasema, "Wamekukataa. Yamekwisha." Mama alikwenda jikoni akakaa huko mpaka wali ukaungua.

Siku moja niko Marikiti nachagua ndimu, nikasikia sauti ya mwalimu wangu nyuma yangu.

"Hongera! Nimeona jina lako kwenye orodha ya wanafunzi wapya wa unasi. Mbona uko sokoni? Mmepewa ruhusa?"

Nilisema ndiyo. Ndimu niliziacha pale pale.

Nilifika hospitalini saa ya kutazama wagonjwa. Kwenye wodi ya wanawake, bibi mmoja kitandani aliita jina langu. Jina langu kamili, na la babangu! Nilifungua mdomo niitike.

"Labeka, bibi! Nakuja."

Alikuwa Rukia. Nguo nyeupe, kitambaa kichwani, beseni mkononi.

Aliponiona alinivuta ukumbini. "Wafanya nini hapa?" Kana kwamba mwizi ni mimi!

"Barua ilikuja, Rukia?"

"Usiniite hivyo hapa."

"Ilikuja?"

"Ilikuja. Sasa wewe ungekuja na uso gani? Metroni amehoji uso huu. Ungeingia na huo wako wangekufukuza, tukose sote."

"Cheti ni changu!"

"Na ulimi ni wangu. Miezi yote ile wanikalisha kwenye kiti niwe memsahibu wako. Uliniuliza hata siku moja kama nami nataka?"

Sikumuuliza, kweli. Lakini angenambia! Mimi ni wa kufichwa? Tumekula sahani moja tangu hatujang'oka meno!

Akanyoosha kidole. "Ofisi ya metroni ile pale. Nenda kamwambie ulikaa nje ukamtuma mtu."

Alijua siwezi. Kunijua kwake ndiko kulikoniuma kuliko barua. Nilikwenda mpaka kwenye ule mlango, nikainua mkono nibishe. Mkono ukabaki hewani. Nikarudi nyumbani.

Huo ni mwezi wa nne sasa. Siwezi kuomba pengine, cheti changu kimo hospitalini. Mama bado anadhani nilikataliwa, hunifariji, na mimi namwacha anifariji.

Na kuna baya zaidi. Mama ana kidonda mguuni hakikauki. Mara tatu ameniambia, "Mwanangu, nipeleke hospitali." Mara tatu nimemdanganya kwamba hospitali imejaa, kwa sababu namuogopa Rukia mbele yake, naogopa mama alisikie jina la mwanawe likiitikiwa na mtu mwengine. Jana nilipofungua kitambaa nilisikia harufu. Ya Rabbi! Mimi niliyetaka kuuguza watu namwozesha mamangu mguu ili nifiche aibu!

Kwa hiyo kesho asubuhi nampeleka. Njiani nitamweleza yote, na ami akijua na ajue. Wakiliita jina langu humo ndani, nitaitika mimi, hata kama sauti itatoka kama ya kifaranga.

Wasichana wenzangu wenye haya, nawaonya. Usimpe mtu jina lako akakusemee, hata awe shoga wa damu. Ukiogopa, ingia nayo hiyo hofu. Tetemeka huko ndani, mbele ya memsahibu, ulie ukibidi. Wakikukataa, angalau watakuwa wamekukataa wewe.