Tike Isiyo na Namba ya Kabini

Kuna siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu: siku niliyompeleka papa yangu, baba aliyenizaa, Bukavu kwa dokta wa macho. Nilikuwa kijana mwenye shingo ngumu, naweza kushuka na gunia la viazi kutoka Burungu hadi Kitchanga na kufika nikipiga mluzi. Shule niliiachia darasa la pili, wala sioni haya kusema hivyo. Malori niliyokuja kununua baadaye hayakuniuliza diploma. Lakini nguvu za mgongo si akili. Siku ile akili nilipewa na mama muuza vitenge.

Papa alikuwa haoni tena. Jicho moja lilikuwa limekufa, la pili liliona kivuli tu. Asubuhi ya kuondoka mama yangu alinishika mkono mlangoni akasema, "Usimwache peke yake, hata akienda kukojoa." Nikamwapia.

Sasa, kwetu Masisi, sijui kama ninyi vijana bado mnalifahamu hili, mtoto hatangazi ugonjwa wa mzazi wake mbele ya wageni. Mzee akiwa kiziwi unasema amechoka. Akiwa haoni unasema jua ni kali. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Basi kule Goma bandarini nilimwambia papa asimame wima, nikamwacha kando ya mizigo yetu, nikaenda gishe, kwenye dirisha la tiketi, kununua tike za bato, ile meli ya Bukavu yenye makabini.

Tike zilikuwa za namna mbili. Moja ilikuwa na namba ya kabini, ukajua kabisa utalala wapi. Nyingine, ya bei ndogo, haikuwa na namba, nami nikaomba mbili za hiyo. Kijana wa gishe akanieleza: "Hii safari iko ya hakika, kaka. Kitanda utapata. Kitanda gani, ni bato itachagua." Kisha akatazama nyuma yangu. "Yule muzee muko naye pamoja?"

Watu wa foleni walikuwa wananisikiliza. Nikajibu, "Kila muntu na yake."

Akaandika jina langu hapa na la papa kule, kama watu wasiojuana.

Wakati wa kupanda, mgawa makabini alisimama mlangoni akaita majina. Papa alipewa kabini ya chini, vitanda vinne, karibu na mashine, akashushwa ngazi na msongamano wa watu. Mimi nilipewa ya juu, klasi ya kwanza, peke yangu! Nilikwenda kuchungulia. Shuka nyeupe, kioo, dirisha pana linalotazama ziwa. Sikuwahi kulala mahali pa namna hiyo, mwanangu, na sitakudanganya kwamba sikufurahi.

Nikarudi mbio kwa yule mgawa. "Papa yangu aje kule juu na miye."

"Kule juu iko kitanda kimoja."

"Basi utupange pamoja mahali pengine."

"Gishe wameandika kila muntu na yake. Miye sipange bantu, kaka, napanga bitanda. Toka kwenye njia, wengine wapite."

Watu wakacheka. Nilikasirika, lakini yule bwana hakuwa ameniibia kitu. Baadaye, nilipoanza biashara yangu ya usafirishaji, nilielewa hesabu yake. Anaanza kupanga wenye namba. Kisha wale waliosema ni familia. Mwisho anachukua sisi wa bei ndogo kuzibia mashimo. Kitanda cha chini kinagombaniwa, cha juu kinabaki kitupu. Basi anamtoa mtu mmoja chini, anampandisha juu, na kile cha chini anakiuza kwa aliye bado kwenye foleni. Unadhani umependwa, kumbe umesogezwa.

Pale kando alikaa mama mmoja wa Butembo juu ya bunda lake la vitenge, Mama Kavira. Yeye alikuwa na tike ya namba, hakuwa na haraka. Alikuwa ameona yote, hata papa aliposimama akigeuzageuza kichwa kutafuta sauti yangu.

"We kijana, unaomba nini kwa yule?"

"Papa yangu apandishwe, Mama."

"Kwa nini hauombe kuteremuka weye?"

Nikaitazama ngazi ya kwenda juu.

"Ehe! Umeona shuka nyeupe. Sikia. Muntu anayeomba kupanda, mulango unafungwa. Anayeomba kushuka, nani atamukataza? Nenda kule chini, useme papa yangu haone, nani anataka kitanda yangu. Hayo maneno iko nzito kupita gunia ya viazi?"

"Mama, ni aibu kusema vile mbele ya watu."

"Aibu? Mficha uchi hazai. Unamufichia papa macho, halafu unashangaa watu hawamuone!"

Nilisimama pale na tike yangu mkononi, nikaona haya kuliko siku yoyote. Kisha nikashuka ngazi.

Kabini ya chini ilinuka mazuti, mafuta ya mashine. Papa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Wanaume watatu walikuwa wanapanga vitu vyao bila kumtazama. Nikasema kwa sauti, mbele yao wote: "Papa yangu haone. Niko na kitanda kule juu, klasi ya kwanza. Nani ananipatia yake?"

Mmoja wa kwetu Masisi, muuza fromaji, ile jibini yetu, alisimama kabla sijamaliza. "Klasi ya kwanza? Na fromaji zangu?"

"Na fromaji zako zote."

"Haya! Leo watajua Masisi inanuka namna gani!" Akaondoka mbio na kikapu chake.

Nikakaa karibu na papa. "Ni miye."

"Nilifikiri umeenda kukaa na wenye macho," akasema.

Kulikuwa na dirisha dogo, jua lilikuwa bado halijazama. Papa akauliza maji yako namna gani. Nikasema bluu. Wale wawili waliobaki wakanikatiza. "Bluu wapi? Iko kama mboga ya sombe ya jana!" "Hapana muzee, wanakudanganya, iko kama bati mupya." Wakabishana, na papa akacheka hadi kofia ikaanguka. Tangu macho yake yafe sikuwa nimesikia kicheko kile. Alinishika mkono wa shati, hakuuachia mpaka Bukavu.

Dokta alisema dawa zitachukua miezi. Papa akabaki kwa dada yake, nami nikarudi kulima. Kwenye gishe ya Bukavu msichana akaniuliza, "Muko bangapi?"

"Niko mumoja."

"Mumoja hasumbue," akasema akitabasamu. "Anaingia popote."

Hakuwa na ubaya. Alinitia kwenye kabini iliyojaa watu waliokula na kucheka. Mimi niligeukia ukuta.

Kisha vita vikafunga barabara za Masisi. Habari ya papa ilinifikia udongo umeshakauka juu yake. Safari ile ya kwenda pamoja ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na ninayo kwa sababu tu mama mmoja alinikemea. Leo nyumba yangu ina vyumba vingi na mabati mapya. Watoto wangu wako Goma, Kalembe, Rubaya. Jioni nasikia mabati yakilia kwa baridi.

Basi, mwanangu, sizunguki. Mahali popote ambapo mwingine ndiye atakayekuchagulia nafasi, iwe bato, kazi ao nyumba ya kupanga, taja kwanza watu usiotaka kutenganishwa nao. Taja kwa sauti, foleni nzima isikie. Usimlaumu mwenye vitanda. Kazi yake ni kujaza vitanda. Kuwaona watu wako ni kazi yako. Na ukipewa pazuri peke yako, angalia nani ameachwa chini.

Mungu akupe wa kukuuliza umelalaje, na wewe uwe na wa kumuuliza. Uzeeke katikati ya kelele za wajukuu, na mkono wako usikose bega. Amina.