Barua Iliyotoka Safi

Mama Printa hakuwahi kusoma karatasi ya mtu. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye chumba cha kuchapishia pale chuoni kwetu, na kila ukurasa uliotoka aliugeuza uso chini, akazigonga kingo mezani mpaka zikae sawa, kisha akakukabidhi. Mitihani, barua za kufukuzwa kazi, maombi ya likizo ya uzazi, vyote vilipita mikononi mwake kimyakimya. Mashine aliijua kwa mlio. Ikikohoa, ni vumbi. Ikilalama, karatasi zina unyevu.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa chuo, na hufundisha somo hilo kwa vitendo. Wananiita Injinia, jina nililojipa mwenyewe mpaka wakazoea.

Muhula ule wanafunzi wangu walikuwa wafanye mtihani wa vitendo bila mtandao, nami nikawaahidi nakala za kurasa za mwongozo, yale maelezo ya kila amri yanayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Nikawaleta kwenye chumba cha kuchapishia, nikafungua skrini nyeusi ya kuandikia amri, nikauita ukurasa wa kwanza na kuusukumia printa kwa mstari mmoja tu, kwa mbwembwe, darasa zima likitazama. Karatasi ikatoka na maandishi yanayoshuka kama ngazi: kila mstari ulianzia pale wa juu yake ulipoishia, mpaka maneno yakamwagika nje ya ukingo. Nikarudia, hivyo hivyo. Wanafunzi wakaangua kicheko, na mimi kuchekwa siwezi.

"Mashine imechoka," nikasema. "Na huyu mama anaifunguafungua kila siku."

Mama Printa alinitazama bila hasira. "Mwanangu, barua za mkuu wa chuo zimetoka sasa hivi, ziko sawa. Hebu angalia huko kwako unakotuma."

Huko kwangu. Mtu asiyejua kuandika hata amri moja anifundishe kazi? Ndivyo nilivyowaza, na naona haya kuyaandika. Nikaenda ofisini, nikamwandikia mkuu wa chuo kwamba printa imeharibiwa na utunzaji mbaya, na mtunzaji wake hafai. Nikaituma barua ichapishwe, nikaifuata. Mama Printa akaigeuza uso chini, akazigonga kingo, akanipa.

"Imetoka safi," akasema.

Ilisomwa kwenye kikao cha wafanyakazi wote. Hakujitetea sana, alisema tu kwamba mashine ni nzima. Wiki hiyo hiyo akahamishiwa stoo ya viti.

Printa mpya ikaletwa. Nikatuma kurasa zangu. Ngazi zile zile.

Safari hii sikuwa na wa kumsingizia. Nikausoma ukurasa wa mwongozo wa amri ile ile inayoita miongozo, ambao sikuwahi kuugusa kwa sababu nilijiona naujua. Jibu lilikuwa hapo, mstari mmoja: ukitaka kuchapisha, ongeza kistari na herufi t, ili ukurasa upangwe kwa ajili ya printa. Mimi nilikuwa nasukuma maandishi yaliyopangwa kwa skrini. Nikaongeza herufi yangu moja, nikautuma ukurasa kwenye printa ya zamani iliyosukumwa kona. Ukatoka umenyooka, vichwa vimekolea wino.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile barua. Ilitoka safi kwenye mashine niliyosema imeharibika, na aliyeniambia hivyo ndiye niliyekuwa namchongea. Ushahidi niliushika mkononi, nikatembea nao mpaka kwa mkuu. Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini uso uliniwaka kama niko mbele ya watu.

Nikaandika barua nyingine, ya kukiri. Sikuipeleka kwa mkuu. Niliipeleka stoo, nikitumaini atanisamehe huko huko mambo yaishe. Nilimkuta akifuta vumbi kwenye viti vilivyovunjika miguu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza uso chini, akazigonga kingo kwenye kiti.

"Mama, naomba uisome. Inakuhusu."

"Mimi sisomi karatasi za watu, mwanangu," akasema, akinirudishia. "Kaisome mwenyewe, mbele ya wale waliosomewa ile ya kwanza."

Kikao ni Jumatatu, saa nne asubuhi.