Ufunguo wa Shingoni

Wajukuu mtakaosoma haya, msitarajie nilie. Babu yenu alipoanguka nilikuwa kwenye mihogo, na ufunguo wa sanduku lenye kadi yake ya hospitali nilikuwa nao shingoni. Wakwe zangu walimpeleka bila kadi.

Nilipofika hospitalini, muuguzi aliuliza, “Shikamoo bibi. Sindano gani humdhuru?”

Jina sikulijua. Akalitafuta kwenye kompyuta, kioo kikaganda. Nilikaa kama gogo. Baadaye kidogo jina likatokea, babu yenu akachomwa sindano tofauti na hiyo.

Binti yangu, anayetunza kompyuta za pale, alinieleza: “Mama, kule nyuma kuna mashine kadhaa, ghala lao la kumbukumbu ni moja. Ile iliyokuwa inatujibu imekufa, mwenzake amechota palepale. Moja ikiandika jambo, nyingine husubiri.”

“Kama wake wenza.”

“Hizi hazigombani, mama.”

Babu yenu alipona. Sikuhisi furaha wala hofu, na hadi leo sijahisi.

Nilirudi nyumbani, nikautundika ufunguo kwenye msumari wa jikoni, nikawaambia wote: “Yeyote afungue. Mmoja akilishika sanduku, mwingine asubiri. Na kadi irudi palepale.”