Bibi Ngolo Alivyozikwa na Alba

Enzi zetu mavazi ya padri yalikuwa na maana, na ole wako usiijue. Kigangoni kwetu, upande wa Nkololo, padri alifika mara chache kwa mwaka na pikipiki yake, lakini mavazi ya misa yalikaa kwetu mwaka mzima ndani ya sanduku la bati, maana nyumba ya mama yangu ndiyo pekee ambayo haikuvuja. Kila Jumamosi katekista wetu, Mwalimu Makoye, alitupanga mstari, fimbo mkononi, akauliza: "Alba, kanzu hii nyeupe, maana yake nini?" Tukaitikia: "Usafi wa moyo!" Mshipi? Kujizuia. Stola, ule utepe mrefu wa shingoni? Utumishi. Na kasula, ile inayovaliwa juu ya yote? "Upendo!" Aliyekosea upendo alichapwa viboko viwili.

Watoto wa kipaimara wa siku hizi ukiwauliza stola ni nini watakuomba simu wakatafute. Sisi tulijua yote kwa kichwa. Tulichokosa ni nguo zetu wenyewe tu.

Tulilima pamba mpaka vidole vikapasuka. Tulichuma, tukashindilia magunia, lori likabeba, nasi tukakaa kuingoja irudi ikiwa nguo. Nadhani ilipotea njia. Duka la kijiji cha ujamaa lilikuwa na rafu nzuri sana, zote sawasawa kama siasa ilivyotaka, na zote tupu. Kaka yangu alishonewa kaptura ya gunia, tukamwonea wivu kwa sababu ilikuwa mpya. Sabuni nayo tuliisikia redioni. Mama aliifua ile alba kwa majani ya mpapai, akaipiga pasi ya mkaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuikaribia na vidole vyenye unga wa michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Ilikuwa nguo nyeupe pekee niliyoijua.

Masika moja akafa jirani yetu, Bibi Ngolo. Hakuwa amebatizwa; aliwatambikia wahenga wake bila kumficha mtu, na kila jioni alituita watoto wote, wabatizwa kwa wapagani, tukale matobolwa ya viazi kwa karanga. Hakuwa na mtoto. Zamani angezikwa ndani ya ngozi ya ng'ombe kama wazee wa Kisukuma, lakini ng'ombe wake wa mwisho alikwisha kumtangulia. Akina mama wakaenda dukani kuomba sanda. Wakaambiwa wasubiri mgawo. Mgawo ulikuja kwa mpango. Kifo, kwa kukosa elimu ya siasa, hakikusubiri. Mmoja akasema basi tumfunge gunia, wenzake wakakubali.

Mama yangu akanyanyuka, akaelekea nyumbani. Nilimfuata, nikamkuta amefungua sanduku.

"Mama, hiyo ya padri!"

"Padri hatembei uchi," akasema. "Bibi yako ndiye hana kitu."

Kesho yake asubuhi Mwalimu Makoye alifika, hata salamu ya mwangaluka hakutoa. "Mama Minza! Mpagani amezikwa na alba?"

"Amezikwa na nguo, Mwalimu."

Akamzuia komunyo mpaka padri aamue. Sanduku akalihamishia kwake, ambako mvua ililibariki kila siku. Wanawake wenzake wa kigango, wale wale waliotaka gunia, wakaanza kwenda kisimani bila kumpitia. Mama hakumwogopa Makoye. Aliogopa padri aje, amwite mbele ya watu wote, amtoe kanisani, na aliacha kula. Nami nisikufiche, nilimwonea aibu. Nilikuwa mwanafunzi bora kabisa wa maana ya alba.

Padri akaja, matope mpaka magotini. Makoye alimpokea nje ya kanisa, akashtaki kwa sauti ili tusikie wote. Padri akamgeukia mama.

"Mayu, mama yangu, ulimvika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba. Nilimwosha kwanza."

"Ilimwenea?"

"Ilimzidi miguuni, Baba. Nikaikunja."

Padri alijifuta matope mikononi. Kisha akaomba sanduku, akatoa stola na kasula iliyoanza kuota ukungu, akavaa juu ya shati lake lenye matope, akaingia kusoma misa. Wakati wa komunyo alimpita Makoye pale mbele, akatembea mpaka benchi la nyuma alikojificha mama, akampa yeye kwanza. Mama alilia kwa sauti. Mwalimu Makoye aliingoja hukumu mpaka wimbo wa mwisho, na nadhani aliingoja mpaka anastaafu.

Leo naishi Bariadi mjini, na ashukuriwe Mungu, tumeendelea. Kasula zina nyuzi za dhahabu, huhitaji kujua maana yake, unazipiga picha tu. Vijana wa kwaya hubadilisha sare katikati ya misa. Sisi akina mama tuna kitenge cha somo wa parokia, cha jubilei, cha kumpokea askofu na cha kumsindikiza. Mimi mwenyewe ninazo sare saba, zimenyooshwa vizuri. Wiki iliyopita turubai la msiba lilisimama nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nililiona nikienda kwa fundi kupimwa ya nane, na niliporudi lilikuwa limekwisha kung'olewa. Mpaka leo sijui aliyekufa ni nani.