Usukani wa Kwenda Kimali

Gari langu lilikuwa na tabia ya kuvuta kushoto, na kwa muda mrefu niliichukulia kama tabia ya mtu wa nyumbani ambaye umeshakata tamaa ya kumrekebisha. Ni gari la mkonga, lile lenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo, na nimelizungusha Simiyu nzima nikiuza dawa za mifugo: Dutwa, Migato, vijiji vya ndani ndani visivyo na kibao, hadi Kimali kwa wakwe zangu. Usukani ulikuwa unacheza. Unauzungusha weee, matairi hayana habari. Halafu ukiingia kwenye mikwaruzo ya mikokoteni ya ng'ombe, ambayo mvua huichimba kwenye udongo mweusi na jua likaikausha ikawa matofali, usukani unajigeuza wenyewe na kukuchapa mikono. Nilizoea kuendesha vidole gumba vikiwa nje, kwa sababu uliwahi kunitegua kimoja na kula ugali kukawa kazi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa dawa ya gari hilo. Alikaa kiti cha mbele kushoto, kapu miguuni, na kila tulipoanza kulalia upande wake alisema bila kuinua sauti, "Baba, unanipeleka mtaroni." Narudisha kulia. Nilikuwa namjibu kwamba abiria mwenye macho makali kiasi hicho anunue gari lake. Alifariki msimu uliopita, pamba ikiwa inapaliliwa. Tangu hapo nikienda mtaroni naenda kimya kimya.

Watu wa huku wana heshima, na heshima yao nusura initie wazimu. Wakiniomba lifti walikuwa wanapanda nyuma, na magunia yao, na kuku wao, wanabanana hadi magoti yanagusa videvu, na kiti cha mbele kinabaki kitupu. Kuna mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nikamwambia apande mbele, nyuma kuna vumbi. Akasema, "Hapana baba, pale pana mwenyewe." Nikanuna mpaka Migato. Nilitaka mtu akae pale. Nilitaka hata mlevi akae pale, anisimulie uongo wake wote, mradi nikigeuza shingo nione mtu.

Kisha shemeji yangu wa Kimali akanipigia simu. "Shemeji, mama anauliza ile ahadi ya mwanae."

Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na mke wangu alikuwa amemuahidi kwamba kabla ya mvua kuanza tutamleta Bariadi afanyiwe upasuaji, tuanze na jicho moja. Mama hakuniuliza mwenyewe kwa sababu tangu nimeoa hakuwahi kuzungumza nami moja kwa moja, zaidi ya salamu. Ni mtu wa mambo ya zamani. Kwake yeye mkwe hukai naye bega kwa bega, huli mbele yake, humkodolei macho. Tulipokuwa tukimbeba garini alikaa nyuma kwenye benchi, na maneno yake yote yalipita kwa mwanae. "Ng'wanone," ndivyo alivyomwita, mwanangu, "mwambie mumeo asimame, nataka kushuka." Mimi nimesikia kwa masikio yangu yote mawili, lakini nasubiri. Mke wangu anageuka: "Mama anasema usimame." Hapo ndipo nasimama. Nami nikiwa na la kusema napitishia hapo hapo. Nyumbani tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu, ila mbele ya mama hatukucheka hata siku moja.

Shemeji akasema hakuna wa kumsindikiza. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta majani, na yeye alitakiwa kuwafuata. Mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Bariadi mama angepokelewa na binti wa dada yake, kwa hiyo huko hakuna shida. Shida ni njiani, mimi na yeye, bila mtu wa kutubebea maneno. Na muuguzi niliyemuuliza hospitali alishanionya: akishapasuliwa asirushwerushwe, jicho linaweza kuharibika na lisirudi tena. Nikatoka nje nikalitazama gari langu. Ahadi ile ndiyo kitu pekee cha mke wangu kilichobaki hakijafanyika, na nilikuwa nataka kuitimiza kwa chuma kinachochapa watu.

Nikalipeleka gereji. Fundi alikuwa mtu wa pwani aliyehamia Bariadi, ana maneno mengi kuliko spana. Akalala chini ya gari, akatoka anacheka. "Shikamoo mzee. Huku chini umefunga bandeji." Kweli, zile ncha za tairodi, fimbo ndefu ya chuma inayounganisha matairi ya mbele, zilikuwa zimelika, nami nilikuwa nimezizungushia mpira wa tyubu kama tunavyofunga kila kitu huku, kuanzia jembe hadi kitanda. Fimbo yenyewe ilikuwa imepinda. Akanishauri tusirudishie ileile ya kiwandani. Tuweke nene zaidi, na ncha mpya zenye nguvu, na juu yake tufunge shokapu ya usukani, kitu ambacho gari langu halikuwa nacho. Kazi yake ni kumeza kipigo cha barabara kabla hakijafika mikononi. Nikamwambia aweke vyote.

Mwisho ilibaki kunyoosha matairi. Fundi hana mashine, anapima kwa uzi alioukaza kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, na ana msimamo wake kwamba gari lipimwe likiwa na mzigo wake wa kila siku.

"Huwa unatembea na nani, mzee?"

"Peke yangu."

"Mbele hapa hakai mtu?"

"Hakai."

Akakitazama kile kiti. Kilikuwa kimebonyea katikati, na kitenge alichokitandika mke wangu bado kilikuwa pale. Nadhani alikiamini kiti kuliko mimi, maana nilipotoka kunywa chai na kurudi nilikuta amekalisha gunia la mashudu ya pamba juu ya kitenge, amelifunga na mkanda kabisa, limekaa wima linatazama mbele.

"Toa," nikamwambia.

"Ni uzito tu, baba, ili uzi usinidanganye."

"Nimesema toa."

Sikumngoja. Nililivuta mwenyewe, gunia likanasa mlangoni likachanika, mashudu yakamwagika gereji nzima, na kuku wa jirani wakaja mbio kana kwamba wamepigiwa simu. Fundi akanyamaza, jambo ambalo sikujua kama analiweza. Nikakaa kwenye tairi bovu. Nilikuwa na hasira na gunia, na hasira na huyo fundi, na chini yake hasira na marehemu, kwa kuniacha na kiti. Baadaye nikamwambia, "Aliyekuwa anakaa pale amefariki." Akasema, "Innalillahi," akachukua fagio. Tukafagia wote wawili, halafu akapima uzi wake mimi nikiwa nimekaa peke yangu kwenye usukani.

Niliondoka kwenda Kimali asubuhi. Gari lilikuwa zuri mno, na hilo ndilo lililonisumbua. Kwa miaka yote mikono yangu ilikuwa inavuta kulia kidogo kidogo kupambana na ule ugonjwa. Sasa ugonjwa umepona, mikono haijaambiwa. Nikawa nakwenda kulia, narudi, nakwenda tena kulia. Mwendesha baiskeli mmoja alishuka kabisa, akasimama kwenye majani akinisubiri nipite.

Kimali nilimkuta mama mlangoni ameshika ukuta, amevaa, kafunga na kitambaa kipya kichwani. Nikasimama pembeni, macho chini, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia akiwa ameelekea zizi la ng'ombe. Shemeji akampandisha nyuma kwenye godoro lililokunjwa, akafunga mlango, akabaki anatupungia mkono. Tukaondoka.

Ukimya wa safari ile sitausahau. Kioo kidogo cha ndani nilikigeuza nisimwone. Nilimsikia akikohoa, nikamsikia akijisogeza, nikatamani kumuuliza kama amekaa vizuri, na sikujua nimuulizie wapi. Kisha mbele ukatokea mkokoteni umejaa kuni, ng'ombe katikati ya njia. Mikono ikafanya mazoea yake, ikavuta kulia zaidi ya inavyotakiwa. Tukatoka njiani, tukalaza majani, tukarudi.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Ng'wanone, mwambie mumeo apunguze mwendo."

Nikageuka kukitazama kiti. Kitenge, basi. Na nikafanya kile nilichokuwa nakifanya siku zote: nikasubiri. Nikasubiri kwa muda ambao mke wangu angehitaji kugeuka na kusema, "Mama anasema upunguze mwendo." Halafu nikapunguza.

"Mwambie mama nimesikia," nikasema. Nililia. Niliendesha nikilia, na usukani ukiwa umenyooka, nikashukuru kwamba mama haoni.

Tukaongea hivyo mpaka Bariadi. Mwambie mumeo pamba ya mwaka huu imekuwa fupi. Mwambie mama hata Dutwa ni hivyo hivyo. Muulize kama kuna maji. Mwambie yapo kwenye dumu, mkono wa kulia.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kumrudisha alitoka ameshikwa mkono na binti wa dada yake, miwani myeusi usoni, jicho moja likiwa limefunguka. Muuguzi akalichungulia gari langu, akasema hapana, nyuma huko panaruka sana, mama akae mbele. Nikayatazama matairi. Binti naye akayatazama, maana amelelewa kwa mambo yale yale. Muuguzi akatushangaa.

Mama akasogea mpaka kwenye mlango wa mbele. Akavua miwani kidogo, akakitazama kile kiti, kile kibonyeo na kitenge, kwa lile jicho jipya. Ninavyojua mimi, hicho ndicho kitu cha mwanae cha kwanza kukiona vizuri tangu msiba, kwa sababu kwenye mazishi alikuwa haoni kitu. Akakishika kwa kiganja.

"Nipishe, ng'wanone," akasema, na akapanda.

Akaketi ameelekea dirishani, amenipa mgongo kadiri kiti kinavyoruhusu. Nami nikatazama barabara tu. Kwenye ile mikwaruzo ya mikokoteni nilishika usukani kwa nguvu kwa woga, lakini kipigo kilikuja kikafia huko chini, mikononi kikafika kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mama hakutikisika. Nilikuwa nimeshaijua njia iliyonyooka. Sikuvuta tena kulia, na kulikuwa na uchungu katika hilo pia, kwamba hata mikono ilikuwa imeanza kusahau.

Tulipoiacha Migato nyuma akasema kwenye kioo cha dirisha, "Ng'wanone, muulize mumeo siku hizi anakula nini."

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nawaambia watu wote kwamba nakula vizuri.

"Mwambie mama nakula kwa mama lishe. Nabeba, naenda kula nyumbani. Nakula peke yangu."

Akasogea zaidi dirishani. Nilidhani nimevuka mpaka, kumtajia mkwe habari za kula. Tukapita miiba, tukapita lambo lililokauka, tukaanza kuyaona mabati ya Kimali. Ndipo aliposema, "Mwambie awe anakuja. Chakula chake nitaweka ndani. Mimi nitakaa nje."

"Mwambie mama nitakuja."

Nakwenda. Nikimaliza kuzungusha dawa upande ule napita Kimali, napiga hodi, mama anatoka na mimi naingia, kila mmoja akitazama upande wake. Ndani nakuta ugali umefunikwa, na maziwa ya mgando, na maji ya kunawa. Nakula mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Yeye yupo nje nyuma ya ukuta anapukuchua mahindi, na mara kwa mara namsikia akimwambia mwanae aniulize kama kinatosha.