Meno Arobaini na Moja kwa Tisa

Difu ya nyuma ya pikapu yetu ilivunjika masika, wiki mbili kabla ya tarehe ya kujifungua aliyopewa mdogo wangu kliniki. Nilikuwa nimempakilia jirani mifuko ya saruji. Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani nikasikia mlio kama mtu anatafuna kokoto, kisha gari likatulia. Lori la mchanga ndilo lililotuvuta hadi uani.

Tunakaa ng'ambo ya Mbezi Luis, juu ya kilima cha udongo mwekundu, kwenye nyumba aliyoijenga baba. Kiangazi bajaji zinafika mlangoni. Masika hazifiki, na bodaboda anayekubali kupita kwenye ule utelezi mie simwamini hata na trei ya mayai, sembuse mjamzito. Gari linaloshuka na kupanda pale mvua ikinyesha ni la foo-wili, lenye ekseli zote mbili zinazofanya kazi. Letu lilikuwa limebaki na moja.

Pikapu nayo ilikuwa ya baba. Wazazi walipoondoka, mmoja akimfuata mwenzake kabla mwaka haujaisha, nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule. Kwanza jirani aliendesha, mie nikipakia na kupakua. Nilipopata leseni nikashika usukani mwenyewe. Nimebeba mizigo ya watu kutoka Kurasini hadi Kimara kwa miaka mingi, na wadogo zangu wawili wakasoma hadi walipotaka kuishia.

Kwetu, mimba ya kwanza mtu hurudi kujifungulia kwa mama yake. Huyu mdogo wangu wa mwisho ameolewa Temeke, na kutoka kwake hadi hospitali unakwenda kwa miguu bila kutoka jasho. Angeweza kubaki huko. Lakini mimba ilipofika miezi minane alisimama getini kwangu na begi na beseni jipya, akasema, "Nimekuja kwa mama." Hakuwa anatania. Nilipokea begi, nikajifanya natafuta ufunguo mfukoni, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Gari lilipoharibika mumewe alipiga simu kutaka arudi. Alimjibu, "Nirudi niseme nini, mama kanifukuza?" Mie mwenyewe nilimwambia arudi. Akaendelea kuchambua mchele.

Fundi alikuja nyumbani, akafungua difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Ndani mna gurudumu kubwa la meno, kraun, linalozungushwa na dogo, pinioni. Meno ya pinioni yalikuwa yamekatika na kraun imetafunika. Fundi akasema nitafute difu nyingine, niangalie zisipishane meno na ya mbele. Kesho yake akapita mnunuzi wa skrepa na mizani yake, nami nikampa vyuma vile pamoja na sufuria zilizotoboka. Niliona nimesafisha uwanja.

Kwa kuwa ya nyuma haikuwepo tena, ikabidi nihesabu ya mbele. Nilikuwa nimeona mafundi wakifanya: unainua ekseli kwa jeki, unachora alama ya chaki kwenye gurudumu la gari na nyingine kwenye shafti inayokwenda kwenye giaboksi, unazungusha gurudumu mara moja na kutazama shafti imezunguka mara ngapi. Nikafunga loki za magurudumu ya mbele, zile zinazoyaunganisha na ekseli, nikainua pande zote mbili. Mdogo wangu akaleta kigoda.

"Kaa ndani, wewe."

"Nyumba hii nani alisema mmoja akifanya kazi mwingine asikae?"

Niliyesema ni mie, walipokuwa watoto. Akaketi upande wa pili. Kila nilipozungusha gurudumu langu, lake lilizunguka kinyumenyume, naye akaona hilo ni fujo, akalikumbatia lisitikisike. Nikazungusha tena. Shafti ikaenda mara mbili na kama robo hivi. Nikaandika kwenye kipande cha boksi, nikaandika pia herufi za kibati cha kiwandani kilicho kwenye mlango wa gari, nikateremka kilima kwa miguu, nikapanda daladala kwenda Temeke.

Muuzaji wa spea za mtumba niliyemwendea ni mzee wa asili ya Kiarabu. Baba alikuwa mteja wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo nani kafariki?"

"Difu ya nyuma."

"Innalillahi. Umeleta mabaki?"

"Nimempa mtu wa skrepa."

Akavua miwani. "Maiti umetupa, cheti huna. Nitamjuaje marehemu?"

Nikampa kipande cha boksi. Akasoma herufi za kibati. "Hii inasema thelathini na saba kwa tisa. Meno ya kubwa thelathini na saba, ya dogo tisa. Ukigawanya unapata nne na kidogo. Lakini kibati cha gari kuukuu ni kama picha ya harusi, mwanangu. Ni wao, ila si wao tena. Wangapi wameshalifungua gari hilo? Na hii mbili na robo ni nini?"

"Nimehesabu ya mbele."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mbili na robo! Ukiifunga hiyo hutapita Ubungo, utapaa. Haya, gurudumu la pili alikuwa nalo nani?"

"Mdogo wangu. Alilishika."

"Alilishika kwa nini?"

"Kunisaidia."

"Basi amekula nusu ya hesabu yako. Difu kazi yake kugawa. Upande mmoja ukishikwa, shafti inakwenda nusu tu. Zidisha kwa mbili."

"Nne na nusu."

"Kama robo yako ni robo kweli. Ikiwa ulikisia, ni nne na kidogo, na kibati kimesema kweli."

"Nilikisia," nikamwambia.

Akanionyesha rafu. Palikuwa na difu mbili za nyuma, zinafanana kama mayai. Moja ilikuwa ile ya kibati. Nyingine ilikuwa arobaini na moja kwa tisa, ya mwendo mzito. Sikuweza kuzitofautisha kwa macho, naye akakataa kuniuzia hata moja. "Nyuma na mbele zikipishana, ukiingiza foo-wili zitavutana kama watalaka kwenye kitanda kimoja. Kitakachokatika hukichagui wewe. Rudi nyumbani. Gurudumu moja liache chini, lingine lizungushe mara ishirini. Shafti ikienda arobaini na moja, njoo uchukue hii nyepesi. Ikienda arobaini na tano na nusu, ile nzito. Na mama yenu akuhesabie, si huyo mdogo wako."

"Mama ni mie, mzee. Na huyo mdogo ana mimba, anangoja gari hili limshushe kilimani."

Aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akavuta boksi kutoka chini ya meza. Ilikuwa difu ya mbele, nyepesi, pacha wa ile ya kibati. Akasema nikitaka anaweza kunipa pea nzima, nyuma na mbele, hata nikikuta langu lilikuwa zito. Gari litakimbia lami, litakunywa kidogo.

 Miaka yote barabara ya Morogoro kila gari lilinipita. Injini yetu ilikuwa inapiga kelele kama inakatwa shingo na bado mabasi yananipigia honi. Nilidhani ni uzee wa gari.

"Na kushuka utelezi, mzee?"

"Nzito inashika gari kwa injini, mguu wako mbali na breki. Nyepesi itakusukuma."

Nyumbani nilishusha upande mmoja wa gari. Safari hii mdogo wangu nilimtandikia mkeka pembeni, aone alama ya shafti akiwa amekaa, asiguse kitu. Mie nikazungusha, yeye akahesabu kwa sauti, kama anafundisha chekechea. Kwenye thelathini na moja akanyamaza.

"Nini?"

"Kanipiga teke. Nimesahau ilikuwa ngapi."

"Thelathini na moja."

"Au thelathini na mbili?"

Tukaanza upya. Mara ya ishirini ya gurudumu ilipotimia, akasema arobaini na tano, kisha akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Na nusu. Na unywele."

Kwa hiyo kibati kilikuwa kimepitwa na wakati. Mtu alikuwa ameondoa difu za kiwandani, mbele na nyuma, akaweka nzito, na gari halijawahi kuwa na mwenye nalo hapa nchini zaidi ya baba na mie. Sijui aliziweka lini. Sikumbuki kumsikia akizitaja, na nimechelewa kumuuliza. Nilikaa kwenye tairi la akiba na chaki mkononi.

Nilimweleza mdogo wangu habari ya pea nyepesi. Akafikiri, akasema, "Dada, chukua za mbio. Mie najifungua siku moja, wewe unaendesha kila siku."

"Umekuja kwa nani?"

"Kwako."

"Basi niachie."

Difu nzito ilifungwa siku ya tano tangu gari liharibike. Nikalipandisha na kulishusha kilima mara tatu likiwa tupu, mara moja likiwa na mchanga. Difu hazikuvutana popote.

Uchungu ulimshika alfajiri ya siku ya tisa, mvua ikimwagika tangu adhana. Nilimkalisha mbele, nikamfunga kanga kiunoni, nikashuka kwenye tope kufunga loki za magurudumu. Niliingiza foo-wili, nikaweka gia ya kwanza ya uzito, nikaondoa mguu kwenye breki, nikauweka kando kabisa ili nisishawishike. Gari likateremka kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Pale kwenye kona mbaya nyuma iliteleza kidogo, injini ikaguna, ikalishika. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua tuliposikia matairi yamegusa lami.

"Kanyaga basi, dada!"

"Nimekanyaga."

"Dada, bajaji hiyo! Bajaji imetupita!"

"Acha ipite."

Alianza kucheka, kisha uchungu ukamkata kicheko katikati, akanishika mkono wa gia kwa nguvu ambayo alama yake ilikaa siku mbili. Nikaendesha hivyohivyo, na kelele za injini, na honi nyuma yetu, hadi hospitali.

Mtoto wa kike alizaliwa saa saba mchana. Muuguzi alinitolea nimshike, amefungwa kanga mpya, uso umekunjamana. Nilikuwa nimetandaza mikono tayari, nikaona tope la asubuhi limekaukia mpaka kwenye kucha. Nikamwomba anisubiri nikanawe.

"Nenda kanawe, bibi," akasema. "Mtoto hana haraka."