Kinubi Kilichokanyagwa

Hasira hii ilinipata Yerusalemu, rafiki yangu, mahali tulipoenda kuomba. Kanisa letu la huku karibu na Sosiot lilikuwa limepeleka kikundi kuzuru. Katika vichochoro vya mji wa kale tukamkuta kijana akipiga kinubi. Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alifumba macho akasikiliza, kisha akamwekea pesa kwenye kofia.

"Kama kile cha Daudi," alisema.

Mimi nilikuwa nimerudi utotoni, kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Mimi na nyanya tulikuwa tukitua vikapu vyetu pale, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, tukingoja lori. Ukungu ukishuka, mtu akichoma mahindi, jirani yetu alipiga chepkong, kinubi chake cha mbao na ngozi, hata akina mama wakasahau migongo inauma. Juu yetu kulikuwa na kilima ambako wazee wa zamani waliomba kwenye mawe yao wakielekea mawio. Nyanya alitukataza kupiga kelele huko. "Hapo Mungu aliitwa kabla yenu," alikuwa akisema.

Jioni moja mwalimu huyu alikuja, akakinyakua kile kinubi, akakikanyaga mbele yetu. Eti ni cha shetani. Jirani hakupigana. Alimwambia tu, "Mwalimu, hiki ndicho nilimwimbia mtoto wako alipozaliwa." Hakupiga tena mpaka akafa. Mawe ya kilimani nayo yalibebwa kujenga choo cha shule, mwalimu akisimamia.

Na sasa, huko Yerusalemu, nilikuwa nimemwona asubuhi hiyo akibusu mawe matakatifu ya wenyewe.

"Na kile cha jirani yetu, mwalimu?" nilimuuliza palepale.

"Kile kilikuwa cha giza. Hiki kiko kwenye Biblia."



Tuliporudi, mwalimu alionyesha kanisani video ya yule kijana akipiga kinubi, watu wakapiga makofi. Mjane wa jirani, aliyekaa kando yangu, alimtazama yule kijana mpaka mwisho.

"Huyu hakuna mtu amemvunjia?" alininong'oneza.

"Hapana, mama."

"Basi watu wao ni wazuri," alisema.

Kijijini kwetu hakuna mtoto hata mmoja anayejua chepkong ililia vipi. Yule mzee tunasalimiana bado, lakini "mwalimu" simwiti tena.